Gereza la Kilwa Kisiwani: mwongozo kamili kwa anayetaka kushuka mguu ukiwa mkavu

Mara ya kwanza nilipompeleka shangazi yangu Kilwa Kisiwani, mwezi mwandamo ulikuwa tarehe 15 na saa yangu ilisema saa nne na nusu asubuhi. Mashua ikakwama hatua kama mia moja kabla ya Gereza, ile ngome kongwe ya ufukweni. Baharia akaruka, maji yakamfika chini ya goti, akasema tushuke, hakuna namna. Shangazi akapandisha kanga, akaingia kwenye matope hadi fundo la mguu, akasimama, akageuka kunitazama. "Baba, umenileta kutembea au kulima mpunga?"

Aliyetukodisha mashua alikuwa ametuambia maji yapo. Yalikuwepo, ila yalikuwa yanakwenda zao. Lakini lawama kubwa ilikuwa yangu, kwa sababu mimi ni mtu wa Lindi, nimekulia karibu na bahari, na bado nilipanga safari kwa saa ya mkononi. Tangu siku hiyo nimerudi Kisiwani mara kadhaa, na wageni, na watoto wa ndugu, na mara moja peke yangu. Haya ndiyo ninayowaambia wanaoniuliza.

Kwanza kabisa, hesabu mwezi

Usianze na nauli wala nyumba ya kulala wageni. Anza na maji.

Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku mbili hivi zinazofuata, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kibaya zaidi kwa mtembezi ni saa zake: siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, muda uleule ambao kila mtu amekunywa chai na anataka kushuka Gerezani. Ndiyo tarehe 15 yetu hiyo.

Siku za maji mafu, yaani tofauti ya kujaa na kupwa inapokuwa ndogo, mambo hugeuka. Chukua tarehe 8 au 9, au 22 hadi 24, za mwezi mwandamo. Maji hujaa kama saa nne asubuhi, na hata yakipwa mchana hayaendi mbali. Ukiondoka Kilwa Masoko, mji ulio ng'ambo ya kisiwa, saa mbili unakwenda na maji yanayopanda, na ukirudi saa nane bado mashua inaelea. Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu inatosha. Usipokuwa nayo, muulize mzee yeyote anayeswali msikiti ulio jirani nawe, atakujibu kabla hujamaliza swali.

Kuhusu majira: kusini mvua yetu huanza kama Desemba na kwenda hadi Aprili au Mei. Juni hadi Agosti hakuna mvua, lakini upepo wa kusi huvuma, na ikifika alasiri mlango wa bahari huchafuka hadi wenye tumbo jepesi hujuta. Mimi napenda Septemba hadi Novemba, wakati wa malelezi, pepo zinapobadilishana na bahari inalala. Jua lake ni kali, hilo nakiri.

Kufika Masoko

Hapa sina mengi. Kutoka Mtwara au Lindi panda basi la Dar es Salaam la asubuhi, umwambie konda mapema kwamba unashuka Nangurukuru. Kutoka Dar panda basi lolote la kusini, shuka hapohapo. Nangurukuru ni njia panda. Kutoka hapo hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 30, na gari ndogo za abiria hazikosekani mchana. Kama mvua ni kubwa, piga simu kwanza kuulizia barabara: Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara kuu ilikatika upande wa Somanga, na kusini ikakaa bila njia hiyo ya kwenda Dar.

Lala Masoko usiku wa kuamkia safari. Anayejaribu kutoka Lindi asubuhi, avuke, arudi na kulala kwake siku hiyohiyo atakuwa ameliona Gereza kwa mbio, na kwa mbio Gereza halisemi kitu.

Kibali, kisha mwenyeji

Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara, kisiwa jirani, yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Siku hizi yanasimamiwa na TAWA, mamlaka ileile ya wanyamapori, kwa hiyo usishangae kupokelewa na askari mwenye sare ya porini. Pitia ofisini kwao Masoko kabla ya kwenda ufukweni. Malipo ni ya serikali: unapewa kumbukumbu namba, unalipa kwa simu au benki, unachukua risiti. Mtanzania hulipa kidogo sana kuliko mgeni wa nje, ila uwe na kitambulisho mkononi. Kuna mtu atakutana nawe njiani akuambie "nipe mimi hela, nitakulipia mbele ya safari". Mshukuru, endelea na njia yako.

Omba mwongoza wageni hapohapo. Watu wengi hubana hela hapa na mimi niliwahi kubana. Nilizunguka Kisiwani saa tatu nikitazama kuta, nikarudi nikijua tu kwamba nimeona kuta. Bora upunguze soda.

Kukodi chombo

Kutoka Masoko hadi kisiwani ni kama kilomita 2. Boti ya injini huchukua dakika kumi na kitu, mashua ya tanga nusu saa au zaidi kutegemea upepo. Kama huna haraka, chukua tanga. Patana na nahodha mambo matatu kabla ya kupanda: bei ni ya kwenda na kurudi kwa chombo kizima, atawasubiri hadi saa ngapi, na kama atawazungusha kwa maji hadi Husuni Kubwa, gofu la kasri la sultani, au mtatembea. Mlipe nusu. Nusu nyingine mpe mkisharudi Masoko.

Halafu muulize swali moja: "Nahodha, saa sita maji yatakuwa wapi?" Anayejua kazi yake atakujibu kwa kuonyesha kidole, mwamba fulani au mkoko fulani. Anayesema "hakuna shida" ndiye aliyetupeleka mimi na shangazi.

Majaketi okozi yawepo, na yavaliwe. Msikubali yale yaliyofungwa kamba chini ya ubao wa kukalia.

Mkiwa majini, weka simu mfukoni

Gereza lilijengwa kwa ajili ya watu wanaokuja kwa maji. Ukilifikia kwa nyuma, kwa miguu, ni jengo kubwa bovu. Ukilifikia kwa mbele, kwa mashua, utaelewa mara moja lilitakiwa kufanya nini: kuta ndefu za kijivu zilizosimama juu ya ufuko, pembe yenye mnara wa duara, na wewe uko chini, wazi, ndani ya kijichombo kisicho na pa kujificha.

Mwambie nahodha apunguze mwendo hapo, kisha fikiria Julai 1505. Kilwa ilikuwa imetajirika kwa kushika biashara ya dhahabu iliyopitia Sofala, Msumbiji ya leo. Mwaka 1502 Vasco da Gama alikuja na mizinga, akamlazimisha Amir Ibrahim, aliyekuwa akitawala mji, alipe kodi kwa mfalme wa Ureno. Ile dhahabu bado ipo. Mwaka 1506 ilifuliwa kuwa chombo cha ibada kiitwacho Custódia de Belém, na leo kimewekwa kwenye makumbusho Lisbon. Miaka mitatu baada ya da Gama akaja Francisco de Almeida na kundi la merikebu. Wareno walishuka Julai 24, wakaupora mji, Amir Ibrahim akakimbia, wakamweka Muhammad Ankoni mahali pake. Wakaanza kujenga ngome papo hapo ufukweni, wakaiita Santiago.

Waliikalia miaka saba tu. Mwaka 1512 waliiacha na kuondoka.

Nasisitiza hilo kwa sababu utasikia watu wakisema "ngome ya Wareno" kana kwamba yote ni yao. Karibu yote unayoyaona yalijengwa na Waomani karibu na mwaka 1800, na kipande cha kazi ya Wareno kimemezwa humohumo ndani. Mwombe mwongozaji akuonyeshe kipande hicho. Ukishakiona, utajua kwamba unatazama jengo la watu wawili walioachana karibu miaka 300.

Mlangoni

Hapa ndipo pa kukaa. Tenga saa nzima.

Usiingie mara moja. Simama mbele ya mlango wa mbao uliochongwa, kisha sogea ukutani na utazame mawe yenyewe. Utaona aina mbili. Kuna mawe magumu yasiyo na umbo, ya miamba ya pwani, yaliyopangwa ovyo na kushikwa kwa chokaa. Na penye kingo na fremu, hapa na kwenye misikiti utakayoiona baadaye, kuna jiwe laini lililokatwa sawasawa. Hilo ni tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi, likachongwa kabla halijakauka na kuwa gumu. Sogeza uso karibu. Utaona vijitundu vidogo kama vya sega la nyuki, na mahali pengine mistari inayojipinda kama utumbo wa kuku. Huyo alikuwa kiumbe hai. Chokaa iliyoshika mawe hayo nayo ni matumbawe, yaliyopangwa juu ya rundo la magogo na kuchomwa hadi yakawa unga. Ukuta mzima, kuanzia jiwe hadi gundi, asili yake ni bahari uliyovuka asubuhi.

Tazama, lakini usikwangue. Shangazi yangu alipapasa ukuta ule kwa kiganja akasema "mbona kama magaga yangu", na nadhani hakuna mtaalamu aliyewahi kueleza vizuri kuliko hapo.

Ndani

Ukiingia unakuta uwanja katikati na mabaki ya vyumba pembeni. Inua macho: ukutani kuna matundu yaliyojipanga kwa mstari. Humo ziliingia boriti za mikoko zilizobeba sakafu ya juu na dari. Boriti nzuri ya mkoko haizidi sana mita 3, na ndiyo maana vyumba vya majengo ya zamani ya pwani, vya Kisiwani, vya Lamu, vya Unguja, ni virefu lakini vyembamba. Fundi hakuamua upana wa chumba. Mti ndio uliamua.

Sasa tafuta minara. Iko miwili, kwenye pembe zinazotazamana kwa mshazari. Wageni wengi huuliza mingine miwili ilianguka lini. Haikuanguka. Simama ndani ya mnara mmoja na utaona unatoka nje ya ukuta, hivyo aliyemo anaweza kupiga risasi akiambaa na ukuta wa kulia na wa kushoto pia. Mnara mmoja unalinda kuta mbili. Miwili iliyowekwa mshazari inalinda kuta zote nne, kwa nusu ya mawe na nusu ya askari. Wajenzi wa Kiomani waliutumia mpango huu mahali pengi.

Upande wa baharini ukuta umeliwa. Mawimbi yalichimba chini, na kuta zikashuka. Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, yakakaa humo miaka kumi hadi 2014. Katika kipindi hicho kuta zilitiwa nguvu na mikoko ikapandwa ufukweni ivunje nguvu ya mawimbi. Ukiona miche ya mikoko karibu na unaposhukia, usiifungie kamba ya chombo.

Watoto washikwe mkono. Hakuna vizuizi kwenye kingo za juu, na jiwe lililokaa miaka 200 linaweza kuchagua siku yako kudondoka.

Kabla ya kutoka, kaa kivulini umsimulie uliyekuja naye habari za maneno, maana hapa lugha yetu ina vituko. Gereza ni neno la Kireno, igreja, na maana yake ni kanisa. Likapita midomoni mwa watu wa pwani, likaangukia kwenye ngome, na kwa kuwa ndani ya ngome watu walifungwa, leo gereza ni jela. Mbali kidogo na hapa kuna Husuni Kubwa, na husuni limetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya ngome, wakati jengo lenyewe lilikuwa kasri la sultani lenye birika la kuogelea. Kwa hiyo Kisiwani ngome inaitwa kanisa na kasri linaitwa ngome. Shangazi alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Na simulia pia lisilochekesha. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa kwenye Bahari ya Hindi, Mauritius ya leo ikiwemo. Miaka kama kumi baadaye Waomani wakaushika mji, na Gereza hili likasimama wakati biashara hiyo ikiendelea. Unapokanyaga uwanja ule, hao nao walipita huku.

Mwisho, simama mahali unapoiona Masoko ng'ambo. Maji haya ni ya kina, meli kubwa zinaingia. Waingereza walilijua hilo: Septemba 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, walishusha askari Kilwa, na kutoka hapa wakapeleka majeshi na mizigo bara, kwenye mapigano ya Kibata yaliyokwenda hadi Januari 1917. Mizigo hiyo ilibebwa vichwani na wapagazi wa Kiafrika. Ukiwa na babu anayetoka vijiji vya huko, muulize kama aliwahi kusimuliwa habari zao.

Baada ya Gereza

Panda taratibu kuelekea Msikiti wa Malindi wenye makaburi pembeni, kisha Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya zamani zaidi ina umri wa karibu miaka 900, na ile ya makuba na nguzo iliongezwa karne ya 14. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Morocco, alipita mji huu mwaka 1331. Karibu yake kuna msikiti mdogo wa makuba, mzuri kuliko yote kwa macho yangu, na upande mwingine Makutani, kasri la karne ya 18 lenye kuta zake. Husuni Kubwa iko mbali kidogo, kwenye mwinuko unaotazama bahari. Kama una mzee, mzungushe kwa mashua kama mlivyopatana. Kama huna, tembea, ila kabla ya saa tano; baada ya hapo ni kuokwa.

Ukiona vigae vya vyungu au sarafu njiani, na utaviona, viache vilipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuviokota, na kipande kilichotoka mahali pake hakimwambii mtafiti chochote tena.

Adabu na mfuko

Kisiwani ni kijiji, watu wanaishi humo. Salimia. Shikamoo kwa wazee kwanza, habari za magofu baadaye. Vaa nguo ya kusitiri, mwanamke awe na kanga au mtandio. Vua viatu ukiambiwa, maana misikiti ile na baadhi ya makaburi, pamoja na kuwa magofu, bado yana heshima yake. Usipige picha watu bila kuomba.

Mfukoni: maji ya kunywa lita 2 kwa mtu, kofia, yeboyebo za kushukia majini na viatu vya kufunga kwa kutembea, hela taslimu za noti ndogo, mfuko wa nailoni wa simu. Chakula agiza mapema kupitia mwongozaji. Wali wa nazi na samaki wa kupaka waliopikwa na mama wa hapo huchukua muda, lakini hutajuta. Ukifika saa saba na njaa bila kuagiza, utakula biskuti.

Kurudi, na siku ya pili ya Kivinje

Rudi Gerezani nusu saa kabla ya muda mliopatana na nahodha. Mwanga wa mchana unapoanza kulala, ukuta ule wa kijivu hugeuka rangi ya mkate. Ndiyo saa ya picha.

Kama una siku nyingine, nenda Kilwa Kivinje. Njia yake inachepuka kwenye barabara ya Masoko kwenda Nangurukuru. Hapo ndipo biashara ilipohamia karne ya 19, na Wajerumani wakajenga boma lao karibu na maji. Uliza Mwembe Kinyonga, mahali alipouawa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895 kwa kuwapinga. Nusu siku inatosha. Kisha uwe umesimama Nangurukuru kabla ya saa sita mchana, maana mabasi ya Lindi na Mtwara yaliyotoka Dar alfajiri hupita mapema, na kiti cha dirishani hakimsubiri mtu.